Jina la koko liko ku karatasi gani? Arshive za koloni zinafunguka, tuzisome namna gani

Swali moja linafika ku redio yetu mara mingi siku hizi, kwa simu na kwa ujumbe: "Nasikia Wabelgiji wamefungua arshive zao za koloni. Nikiwaandikia Brussels, nitapata jina la koko yangu?" Wengine wanauliza juu ya shamba. Wengine juu ya jina la ukoo lenye liliachwa njiani wakati wa vita. Kuko mama moja aliyetuuliza tu kama muzazi wa baba yake alizaliwa wapi, kwani wajukuu wanamuuliza na hana jibu.

Jibu fupi ni: pengine. Jibu la kweli ni refu kidogo, na lina mambo yenye kufurahisha na mengine yenye kutisha. Tuyaseme yote.

Tuanze mbali kidogo. Katika inchi zingine, hesabu ya watu, ile tunayoita resansema, inafungwa kwa miaka mingi juu ya kulinda siri za watu, kisha inafunguliwa kwa kila mtu. Marekani wanangoja miaka 72. Ile hesabu yao ya 1950 ilifunguliwa tarehe 1 Aprili 2022, bila malipo, na mtu anaweza kutafuta jina la muzazi wake ku simu. Uingereza wanangoja miaka 100: hesabu ya 1921 ilitoka Januari 2022, lakini kule iliwekwa mikononi mwa kampuni, na kila ukurasa ulikuwa na bei yake. Ireland wao walipoteza karatasi zao mingi za karne ya 19 wakati jengo la arshive liliungua Dublin mwaka 1922, katika vita yao wenyewe. Zile za 1901 na 1911 zilizobaki wameziweka ku intaneti bure. Kwa miaka ya mbele, jamaa za Ireland zinatafuta mababu ndani ya vitabu vya ubatizo. Mushike hii ya Ireland, tutairudilia.

Sasa kwetu. Kongo huru imefanya hesabu moja tu ya kweli ya kisayansi, ile ya Julai 1984, wakati wa Mobutu. Ilikuta watu karibu milioni 30. Tangu hapo, ni makadirio, na karte ya kura njo imekuwa kitambulisho cha watu wengi. Kwa hiyo anayetafuta bankambo lazima arudi nyuma, ku karatasi za koloni. Na hizo, sehemu kubwa iliondoka na wenye koloni.

Karatasi za iliyokuwa wizara ya makoloni, zenye Wabelgiji wanaita "Archives africaines", zilikaa miaka mingi ku wizara yao ya mambo ya inchi za kigeni. Ni karibu kilometa 10 za rafu. Polepole zimehamishwa kwenda ku Archives de l'État ya Ubelgiji, kule Brussels, na zinapangwa na kuandikiwa orodha. Mwaka 2021 kulitoka kitabu cha kuongoza watafutaji, kurasa zaidi ya 2.000, juu ya Kongo, Rwanda na Burundi. Ni kazi kubwa, na ni vizuri iko. Mbele ya hapo, hata mwalimu wa chuo kikuu alikuwa anapotea ndani.

Lakini hapa njo watu wengi watavunjika moyo, kwa hiyo tuseme mapema. Ndani ya zile kilometa 10, jina la koko wa kawaida, mulimaji wa Walungu ao wa Kabambare, mara mingi halimo. Yenye ilipanda Brussels ni ripoti: sheferi hii ina wanaume wazima kadhaa, wanawake kadhaa, watoto kadhaa, kodi iliyolipwa ni kadhaa. Majina ya watu moja moja yalibaki chini, ku ofisi ya teritware, ndani ya masanduku ya fishi. Mwenye jina lake kufika Brussels ni yule aliyekutana na serkali kwa njia ya pekee: aliyekuwa askari wa Force Publique, aliyehukumiwa, aliyefukuzwa mbali na kwao juu ya Kitawala, karani aliyekuwa na faili ya kazi. Ni ajabu, lakini bankambo waliosumbua muzungu njo wanapatikana kwa urahisi. Aliyelima na kulipa kodi yake kimya alibaki namba.

Juu ya nini ilikuwa vile? Kwa sababu hesabu ya koloni haikufanywa ili kujua watu. Ilifanywa kwa ajili ya kodi na kazi. Tangu 1914 mwanaume muzima alipaswa kulipa kodi ya kichwa, na mwenye wake wengi aliongeza juu yake. Bila orodha, kodi haishikiki. Njo maana muzungu wa teritware alipita kijiji kwa kijiji pamoja na karani na askari, watu wakasimamishwa mstari mbele ya capita, kila mwanaume akaandikwa ku fishi na kupewa kibuku cha utambulisho. Mwenye kutaka kukaa mbali na sheferi yake zaidi ya siku 30 alihitaji ruhusa ya kuhama. Orodha ilikuwa kamba.

Mimi mwenyewe nimeshika kibuku kama hicho. Ni cha muzazi wa baba yangu, kilikaa miaka ndani ya sanduku la chuma chini ya kitanda, kikapita mikononi mwa mashangazi watatu. Mtu wa Kabambare, aliyeenda kufanya kazi ya madini Kalima. Kimeandikwa kwa wino wa buluu: amezaliwa "vers 1912". Hilo neno "vers" ni la kuangalia sana. Maana yake ni kwamba karani alimuangalia uso na kukata miaka. Ukikuta karatasi mbili za mtu mmoja zenye "vers 1912" na "vers 1918", usifikiri ni watu wawili. Ni makarani wawili.

Kuko jina la kijiji pia, ambalo leo halipo ku karte yoyote. Tulidhani ni kosa. Kumbe kijiji kilihamishwa kando ya barabara, sawa vijiji vingi, ili muzungu aweze kuvihesabu bila kupanda kilima, na kikachukua jina la capita. Capita alipokufa, jina likabadilika tena. Wazee walijua. Karatasi haikujua.

Na jina la mtu lenyewe linabadilika. Karani wa koloni aliandika sawa alivyosikia: mara "ou", mara "u", mara "Ch", mara "Tsh", mara alichukua jina la utani kama jina la kweli. Kisha ubatizo ukaleta Joseph na Albert. Kisha Mobutu, mwaka 1972, akakataza majina ya wazungu, watu wakarudi ku majina ya ukoo ao wakatunga mapya. Miji nayo: Costermansville ikawa Bukavu, Albertville ikawa Kalemie, Stanleyville ikawa Kisangani, Baudouinville njo Moba ya leo. Mwenye kutafuta kwa jina la leo tu hatapata kitu, na atafikiri jamaa yake haikuandikwa.

Kuko jambo lenye linaniuma zaidi ndani ya kile kibuku. Muke wa koko ameandikwa kwa jina moja, bila baba, bila mama, bila kijiji. Yeye hakulipa kodi ya kichwa, kwa hiyo karani hakuwa na haja naye. Watoto ni idadi. Ukitegemea karatasi za serkali peke yake, utajenga ukoo wa wanaume tu, na nusu ya damu yako itakuwa haina jina.

Kwa upande wa mama, mlango ni kanisa. Padri alipobatiza aliandika jina la mama pia, na wasimamizi, na kijiji. Pères Blancs walikuwa Mpala, ku ziwa Tanganyika, tangu 1885, na kule Kirungu tangu 1893, miaka mingi mbele ya ofisi nyingi za teritware. Zaidi ya vitabu vya ubatizo na vya ndoa walishika kitabu kingine, "status animarum", hali ya roho, chenye jamaa nzima ku ukurasa mmoja: baba, mama, watoto, nani amekufa, nani amehama na ameenda wapi. Ni kilatini na kifaransa, maandishi yanachosha macho, lakini ni zawadi. Njo ile njia ya Ireland: ofisi imeungua, parokia imebaki. Si zote zimebaki, kwetu parokia nazo zimeporwa. Kabla ya kufikiria Brussels, piga hodi ku parokia ya zamani ya koko, kwa heshima, ukiwa na jina la ubatizo na miaka ya kukadiria. Padri hana lazima ya kukufungulia kitabu, na si vizuri kumufikia saa ya misa.

Mlango mwingine ni kampuni. Union Minière ilichukua wafanyakazi Maniema, Lomami na Ruanda-Urundi kupeleka Katanga, na kila mfanyakazi alikuwa na faili: kijiji, chefu, muke, watoto, magonjwa, adhabu. Mrithi wake Lubumbashi ni Gécamines, na sehemu ya karatasi za kampuni iliwekwa ku arshive ya serkali ya Ubelgiji. Mwenye koko aliyepotelea "ku Katanga" na hakurudi, huyo ako na nafasi nzuri kuliko wengine wote tuliosema.

Tuje ku jamaa zenye kilio kikubwa. Wakati wa koloni, watoto waliozaliwa na mama Mwafrika na baba muzungu walikamatwa kwa mama zao na kufungiwa ku misioni: Katende kule Kasai, Save kule Rwanda, na pengine. Karibu na uhuru, watoto mia kadhaa wa Save walipelekwa Ubelgiji na kugawiwa kwa jamaa zingine. Majina yalibadilishwa, wengine walinyimwa cheti cha kuzaliwa. Mwaka 2018 bunge la Ubelgiji liliamua serkali isaidie hawa watu kupata faili zao, na Aprili 2019 waziri wa kwanza Charles Michel aliomba musamaha. Tarehe 2 Disemba 2024, koti ya rufaa ya Brussels ilisema kwamba kuwakamata wamama watano, wakiwa watoto wadogo, ilikuwa uhalifu juu ya ubinadamu, na ikaamuru serkali ilipe kila moja euro 50.000.

Kwa nini tunasema hii ku redio ya mashariki? Kwa sababu faili ina pande mbili. Kule Ubelgiji kuko mzee wa miaka 75 anayetafuta mama. Huku kwetu kuko kaka, dada, wapwa, ambao walisikia tu kwamba "mama alikuwa na mtoto mweupe, wakamukamata". Arshive ya Brussels ina huduma ya pekee kwa kazi hii, na jamaa ya huku inaweza kuandika pia. Hapa karatasi ina majina, kwani serkali iliwaandika hawa watoto moja kwa moja, kwa bidii yenye kuogopesha.

Sasa ile yenye kutisha. Hapa kwetu, orodha ya zamani si kitu cha kufurahia mababu tu. Ni silaha. Wasomaji wa Masisi, Rutshuru na Uvira wanajua.

Angalia sheria zetu za uraia. Ile ya Januari 1972 iliwapa uraia watu wa asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa Kivu mbele ya 1 Januari 1950. Ile ya Juni 1981 ikaufuta mlango huo na kusema: raia ni yule ambaye bankambo wake walikuwa wa kabila lenye lilikuwa ndani ya mipaka ya Kongo tarehe 1 Agosti 1885. Mwaka 1991 wakapita kutambua raia ni nani. Tuulize swali la mtu wa arshive: mwaka 1885, ku vilima vya Kivu, nani aliandika orodha? Hakuna. Hapakuwa ofisi, hapakuwa karani, na mpaka wa huku ulikatwa kwa makubaliano ya 1910. Ku vilima vingi utawala wa Wabelgiji ulisimama kweli tu kisha vita ya 1914-1918. Sheria iliomba karatasi yenye haikuwezekana kuwako, si kwa Mushi, si kwa Muhunde, si kwa Mufulero, si kwa Munyamulenge. Pale karatasi haiko, mwenye nguvu njo anaamua. Sheria ya Novemba 2004 imesogeza tarehe hadi uhuru, 1960, na hiyo angalau ni wakati wenye karatasi.

Kwa hiyo tuseme wazi kile orodha ya koloni inaweza kusema na kile haiwezi. Inaweza kusema: mwaka fulani, mtu wa jina hili alilipa kodi hapa. Kati ya 1937 na 1955 Wabelgiji wenyewe walihamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda kuwaleta Masisi, na hiyo kazi iliacha karatasi nyingi. Lakini kule Rutshuru kulikuwa wasemaji wa Kinyarwanda mbele ya mipaka, na hao waliandikwa pia. Mtu mwenye kuchukua ukurasa mmoja wa orodha na kuutupa ku Facebook akisema "hawa njo wageni" ao "hawa njo wenye udongo" hajasoma arshive, amechagua. Na neno "kabila" lenye liko ku fishi lilijazwa na karani kwa amri: kila mtu alipaswa kuwa na moja tu, hata yule mama yake alitoka huku na baba kule. Ndani ya jamaa ngapi za Kivu hiyo ni kweli?

Wengine wanasema basi heri zibaki zimefungwa. Siwafuate. Karatasi zikifungwa, wakubwa na matajiri wataziona tu, na maskini ataambiwa zinasema nini. Yenye kuhitajika ni kopi hapa, ku inchi, zenye kusomwa na watu wote, pamoja na watu waliofundishwa kueleza. Leo mwenye kutaka kusoma faili yenyewe mara mingi anahitaji viza, tikiti na hoteli Brussels. Ajabu ni kwamba karatasi za madini zinatafutwa sana: mwaka 2025 kampuni ya Marekani KoBold Metals iliingia makubaliano na serkali ya Kinshasa, na karte za zamani za mawe zenye zinalala ku makumbusho ya Tervuren zikawa habari ya magazeti. Kwa karatasi za watu, hatujasikia haraka kama hiyo.

Na tusimulaumu Mbelgiji peke yake. Fishi zilizobaki huku, tumezifanya nini? Uporaji wa 1991 na 1993, vita tangu 1996, lava ya Nyiragongo iliyopita katikati ya Goma 2002, na mahali hapakuwa vita, mchwa. Ku ofisi moja ya sekta nilionyeshwa chumba chenye mafishi yamefungwa kwa kamba za migomba, dirisha bila kioo, mvua ikiingia. Sekretere alikuwa na aibu kuliko mimi. Aliniambia anaomba kabati tangu miaka sita.

Kwa mwenye kutaka kuanza, aanze nyumbani wiki hii, kwani mzee haingoji viza. Washa simu, rekodi. Usiulize mwaka, mzee hataupata. Uliza: ulipozaliwa chefu alikuwa nani? Njaa gani? Barabara ilikuwa imefika? Koko alikufa mbele ao nyuma ya uhuru? Uliza majina yote ya mtu mmoja, lile la nyumbani, la ubatizo, la kazini. Uliza mama wa mama. Halafu njo uende parokia, kisha sekta na teritware, na mwisho kabisa uandike Brussels, kwa kifaransa, ukiwaambia kijiji, sheferi, kazi na miaka ya kukadiria. Barua yenye kusema tu "natafuta babu yangu Jean wa Kivu" hawataweza kuijibu. Na mtu akikuomba pesa mingi hapa muji akisema yeye ana njia ya ndani ya kupata faili haraka, mwache apite.

Sisi kwetu, kile kibuku cha Kalima kilipata mwenzake mwaka uliopita. Shangazi yetu mkubwa, hasomi, alisikia tukibishana juu ya lile jina moja la muke wa koko. Akacheka. Akasema hilo si jina, ni namna walivyokuwa wanamuita kambini, kwa sababu alitoka ngambo ya mto. Akatutajia jina lake, la baba yake, na la mama yake. Parokia ilipofungua kitabu, mama na binti walikuwa pale, ku mstari mmoja, na padri wa wakati ule alikuwa ameandika vibaya herufi moja tu.